Hakimiliki ya Bega la Kulia

Siku chuo chetu kilipogundua kwamba wizi ni dhambi, sisi walimu tuliitwa saa mbili asubuhi katika chumba cha kompyuta, tukapewa soda moja moja na karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini. Juu ya karatasi ya kwanza paliandikwa: Mwongozo wa Hakimiliki na Matumizi ya Haki ya Vifaa vya Kufundishia. Chini yake palikuwa na nembo ya chuo, yaani mwenge, kitabu na cherehani. Katika vitu hivyo vitatu, chuo kilikuwa na cherehani peke yake, na hata hizo zilikuwa sita tu, mbili kati yake nikiwa nimezileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Nasema chuo kwa sababu ndivyo lilivyosema bango. Zilikuwa ghorofa mbili za juu katika jengo lililo nyuma ya barabara ya Jogoo, Nairobi, na chini kabisa palikuwa na duka la rangi na misumari. Tulifundisha uhasibu, kompyuta, upishi, urembo na ushonaji. Mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji, na nilikuwa nimekaa pale miaka tisa, muda wa kutosha kwa mtu kuzoea upuuzi hata akauona ni utaratibu.

Mkuu wa chuo ndiye aliyekuwa mwenye chuo pia. Alikuwa na koti la buluu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu ambalo alilivaa siku za mahafali na siku za kutishwa. Siku hiyo alikuwa ametishwa. Kampuni moja ya vitabu ilikuwa imemwandikia barua baada ya mtu wao kuingia saiba, yaani duka la kompyuta na fotokopi, lililo mkabala na lango letu na kukuta kitabu kizima cha uhasibu kimetolewa fotokopi kutoka jalada hadi jalada, nakala arobaini, juu yake pakiwa na karatasi yenye jina la chuo chetu. Kila mtu katika mtaa ule alijua kwamba hivyo ndivyo wanafunzi wetu walivyopata vitabu. Mkuu alishangaa sana. Alishangaa kwa sauti, mbele yetu, huku mkono ukiwa kifuani.

"Nimeumia," alisema. "Kwamba kitu kama hiki kinaweza kutokea chini ya pua yangu."

Kisha akamkaribisha mshauri. Huyu alikuwa wakili kijana, mpole, aliyevaa suti ambayo mikono yake ilimfika kwenye vidole, nami sikuweza kumsikiliza kwa dakika tano za kwanza kwa sababu ya mikono hiyo. Lakini alichosema kilikuwa na maana. Mwalimu anaweza kunakili sehemu ndogo ya kitabu kwa ajili ya darasa lake. Ni lazima aseme ameitoa wapi na ni ya nani. Hawezi kunakili kitabu kizima. Hawezi kugawa sura ile ile kila muhula mpaka kitabu kiishe, halafu aseme alichukua kidogo kidogo. Akitaka zaidi ya hapo, aombe ruhusa.

Sina ugomvi na kanuni hizo. Zilikuwa na akili kuliko watu waliozileta pale. Ugomvi wangu ulianza ukurasa wa saba, palipoandikwa kwamba mwalimu mwenye shaka awasiliane na maktaba kuu ya kampasi ya kaskazini. Hatukuwa na kampasi ya kaskazini. Maktaba yetu ilikuwa kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulipotea mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Niliinua mkono.

"Mkuu, hii kampasi ya kaskazini iko wapi?"

"Hilo ni kosa la uchapaji," alisema Mkuu.

Mshauri aliinamisha uso akaitazama karatasi yake kwa makini, na nikajua kwamba hata yeye ndiyo kwanza anaiona. Ule mwongozo wa kutuzuia kunakili ulikuwa umenakiliwa kutoka chuo fulani cha mbali, na mtu aliyeunakili hakuwa na subira ya kuusoma. Mwalimu wa uhasibu aliyeketi kando yangu alikunywa soda yake kwa nguvu ili asicheke.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa orodha ya vitabu vilivyotungwa ndani ya chuo, ambavyo hakimiliki yake ilikuwa ya chuo. Kitabu cha kwanza kiliitwa Misingi ya Kushona Blauzi na Sketi. Mtungaji: Mkuu wa chuo.

Mtu huyu hakuwa amewahi kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kile kijitabu nilikiandika mimi. Nilikaa saiba Jumamosi nne mfululizo nikipiga chapa kwa vidole viwili, nikachora michoro yote kwa rula na penseli, kurasa arobaini, mwaka wangu wa kwanza pale. Mwaka wa pili Mkuu alisema kitapendeza kikiwa na jalada. Jalada lilipokuja, lilikuja na jina lake. Nililalamika, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka mkataba wake uendelee, yaani sauti ambayo haisikiki. Tangu hapo wanafunzi walinunua kile kijitabu, nami nikaendelea kuwagawia bure zile karatasi zangu za mwanzo, ambazo zilikuwa kitu kile kile bila jalada. Ilikuwa njia yangu ya kulipiza kisasi. Nilijiona shujaa.

Wiki mbili baada ya soda zile, nilipata barua. Ilisema nimeonekana nikigawa karatasi zenye maudhui ya kitabu cha chuo, kwamba huko ni kukiuka hakimiliki, na kwamba nikitaka kutumia maudhui hayo darasani nijaze fomu ya kuomba ruhusa. Fomu ilikuwa imeambatishwa. Iliuliza jina la kazi, jina la mtungaji, idadi ya kurasa na sababu ya kuzihitaji.

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama ngazini. Mtu aliyechukua maandishi yangu alikuwa ananitaka nimwombe ruhusa ya kuyatumia, kwa maandishi, na nieleze sababu. Nilicheka peke yangu mpaka msichana wa urembo aliyekuwa akishuka akanipisha kwa uoga.

Basi nikaamua nitathibitisha. Nilihitaji mtu wa kusema kwamba mambo haya niliyajua kabla sijakiona chuo kile. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Mimi nimezaliwa Makongeni, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli. Nilipomaliza shule hapakuwa na namna ya kuendelea, na mama alisikia kanisani kuhusu mwanamke mmoja wa Majengo, Mwislamu, aliyekuwa akiwafundisha wasichana kushona katika ukumbi wa jamii. Mama alinipeleka bila kuniuliza. Nilikuwa mwanamume pekee kati ya wasichana kumi na saba. Yule mwalimu aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Atakaa nyuma," na hapo nyuma nilikaa miaka miwili. Alichora ubaoni kutoka kwenye daftari lake la mraba mraba, nasi tulinakili kwa mkono. Mstari ukipinda, alikupiga rula kwenye vifundo vya vidole, akafuta, ukaanza upya. Yote niliyokuja kuyapiga chapa yalitoka kwenye daftari nililonakili pale. Sikuona kwamba hilo lilikuwa na uhusiano wowote na masaibu yangu. Kichwani mwangu, kunakili kwa mkono ukipigwa rula kulikuwa kusoma, na alichofanya Mkuu ndicho kilikuwa wizi.

Nilikuwa sijamtembelea kwa miaka mingi sana, na nilimkuta pale pale, chumba kile kile cha nyuma, mlango ukiwa na pazia la maua. Mdogo wake wa kike, ambaye nilimkumbuka kwa mbali kama mtu aliyekuwa akituletea chai ukumbini, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi yule kijana wa Makongeni. Wa nyuma."

"Ah," alisema. "Wa mistari iliyopinda. Karibu, mwanangu."

Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, akikisogeza juu ya karatasi taratibu. Nilimpa kile kijitabu pamoja na zile karatasi zangu za bure, nikamweleza kisa chote, kuanzia soda hadi fomu, na nilikieleza vizuri, kwa uchungu, nikitua mahali pa kutua. Dada mtu aliguna pale panapofaa. Mwalimu hakuguna. Alikuwa akisoma. Alifunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kisha kioo kikasimama.

"Hapa pameandikwa nini? Nisomee."

Nilisoma. "Bega la kulia literemshwe nusu inchi kuliko la kushoto. Hii ni kwa sababu, kama wataalamu wanavyosema, watu wengi hubeba mizigo kwa mkono wa kulia."

"Wataalamu gani?"

"Hilo la wataalamu ameongeza Mkuu, Mwalimu."

"Na hilo la mizigo?"

Nilikohoa. "Hilo ni langu. Niliona lazima iwe ndiyo sababu."

Alishusha kioo. "Wewe dada," alimwita mdogo wake bila kugeuka, "hebu njoo uone bega lako limechapishwa."

Dada mtu aliinuka, akapangusa mikono, akaja akasimama mbele ya dirisha, na hapo ndipo nilipoona. Bega lake la kulia lilikuwa chini ya lile la kushoto. Si sana. Nusu inchi. Alipokuwa mtoto alianguka ngazini, mfupa wa mtulinga ukavunjika, ukaunga vibaya. Na Mwalimu alipokuwa akitengeneza mchoro wake wa kwanza, miaka hiyo, alihitaji mwili wa kuupima, na mwili pekee uliokuwa nyumbani ukikubali kusimama bila kulalamika ulikuwa wa mdogo wake.

"Lakini ukumbini nilisema," Mwalimu aliniambia. "Siku ya mchoro huo nilisema: hili ni la dada yangu, ninyi mtapima wenu. Niliwaonyesha, naye alikuwa amesimama na birika mkononi. Wewe siku hiyo ulikuwa unamtazama nani?"

Nilikumbuka vizuri sana niliyekuwa nikimtazama. Alikaa safu ya pili na alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani.

Miaka tisa. Kila muhula wanafunzi thelathini na zaidi. Nilikuwa nimewafundisha wote kumshonea kila mwanamke wa Nairobi blauzi ya mtu mmoja wa Majengo aliyeanguka ngazini. Wakati wa kujaribisha nguo bega liliponing'inia, niliwaambia watie sponji. Na ninamkumbuka msichana mmoja kutoka Mukuru kwa Reuben, mwepesi wa mkono na wa ulimi, aliyeniuliza mbele ya wote: "Ticha, na mtu wa mkono wa kushoto je?" Nilimwambia afuate kitabu. Nilisema hivyo kwa ukali, kama watu wasiojua wanavyosema.

Dada mtu alianza kucheka. Alicheka akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Kwa hiyo wasichana wote wa barabara ya Jogoo wanatembea na bega langu?"

"Si wote, Mama," nilisema.

"Wengi?"

"Wengi."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza wa zile karatasi zangu za bure, zile zisizo na jalada, akausogezea kioo kutoka pembe hadi pembe.

"Umekuja hapa kuniambia umeibiwa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maneno haya ni yangu. Hata hapa niliposema 'usikate ukiwa na hasira' ni mimi niliyesema, siku yule msichana wa Shauri Moyo alipoharibu kitambaa. Jina langu liko ukurasa gani?"

Nje mtu alikuwa akipita akinadi mitumba ya watoto. Nilizichukua zile karatasi nikazifunua moja moja, kana kwamba jina lake lingejitokeza lenyewe.

"Yule mkuu wako aliiba kijitabu," Mwalimu alisema. "Lakini yeye angalau alikiona ni kitu cha thamani, akaweka jina. Wewe hukuona kama kina mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila kulinganishwa na mtu yule nikatoka wa pili. Nilitaka kuondoka. Dada mtu ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameacha kucheka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamua jambo.

"Huo mkutano wenu mwingine ni lini?" aliuliza. "Nataka kumwona huyo mwanamume aliyeandika bega langu."

Mkutano ulikuwa Alhamisi iliyofuata. Walimu walitakiwa kusaini kwamba wameusoma mwongozo na wataufuata. Niliwasubiri wale ndugu wawili langoni. Walikuja wakiwa wamevaa mabuibui yaliyopigwa pasi, Mwalimu akiwa na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki, na wakapanda ghorofa zote, dada mtu akilaani kila moja kivyake. Tulipoingia, Mkuu alikuwa amevaa koti la buluu. Alidhani nimeleta wazazi wa mwanafunzi. Aliwaamkia kwa adabu na kuwatafutia viti, na kwa dakika moja hivi nilikaribia kumhurumia.

"Mkuu," nilisema, "huyu ndiye mtungaji wa kile kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chako."

Mwalimu alitoa daftari akaliweka mezani mbele ya mshauri, si mbele ya Mkuu. Karatasi zilikuwa zimekuwa rangi ya chai. Kila mchoro ulikuwa na tarehe pembeni. Mshauri alivuta kijitabu cha chuo, akaviweka sambamba, na akaanza kufunua vyote viwili kwa pamoja, mikono ya koti ikifagia meza.

"Mama yangu," Mkuu alianza, na sauti yake ilikuwa tamu, "ushonaji ni maarifa ya watu wote. Hakuna mtu mwenye hakimiliki ya blauzi. Siyo, wakili?"

"Ni kweli, blauzi haina hakimiliki," mshauri alisema bila kuinua uso. "Wala namna ya kupima haina. Kila mtu anaweza kueleza namna ya kushona blauzi." Alifunua ukurasa mwingine. "Lakini maneno ya mtu yana mwenyewe. Na michoro. Hapa maneno ni yale yale, Mkuu. Hata hili la hasira. Hii si sehemu ndogo, na jina halikutajwa. Mwongozo wetu wenyewe unakataza hili ukurasa wa tatu."

Mwalimu wa uhasibu alifungua ukurasa wa tatu akasoma, kisha akausogeza mbele ya mwalimu wa upishi naye asome.

"Na bega?" aliuliza dada mtu.

"Samahani, mama?"

"Hayo maneno ni ya dada yangu, sawa. Bega ni langu. Kwa sheria yenu, bega ni la nani?"

Mshauri alimtazama, akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi. Nikamweleza. Nilieleza yote, na sikujificha nyuma ya wataalamu. Mshauri alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Sheria hailindi vipimo vya mwili wa mtu," alisema. "Siyo kazi ya ubunifu."

"Mungu ndiye aliyebuni," dada mtu alisema. "Basi kaeni nalo. Lakini dada, hebu mpime huyu."

Mwalimu alikuwa na utepe wa kupimia mfukoni, kama siku zote. Alisimama, akamwendea Mkuu, akasema, "Vua koti, mwanangu," kwa sauti ile ile aliyotumia ukumbini, na yule mtu akavua. Sijui kwa nini alivua. Nadhani ni kwa sababu kila mtu amewahi kuwa na mwalimu. Alimpima kutoka shingoni hadi ncha ya bega la kushoto, kisha la kulia, kisha kutoka kila bega hadi kiunoni, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Akarudia.

"Sawa sawa," alisema. "Hakuna hata tofauti ya uzi. Na unawauzia watoto wa watu kitabu kinachowaambia kwamba wamepinda."

"Hayo ni ya kitaalamu," Mkuu alisema.

"Wataalamu gani?"

Mkuu alinigeukia. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alinitazama kama mwandishi wa kile kitabu.

Ningependa kusema kwamba haki ilitendeka. Iliagizwa chai. Mkuu alisema maneno mengi kuhusu heshima yake kwa wazee wetu na kuhusu maridhiano, akaahidi kwamba toleo lijalo litarekebishwa. Toleo lijalo lilikuja muhula uliofuata. Jina lake lilikuwa limeondolewa jaladani, na mahali pake palisomeka Idara ya Ushonaji. Ndani, kwa herufi ndogo, chuo kiliishukuru "jamii ya Majengo kwa mchango wake wa kiutamaduni". Bega lilibaki palepale, nusu inchi chini, pamoja na wataalamu wake. Na mimi niliandikiwa kwamba kwa sababu ya mageuzi yanayoendelea mkataba wangu hautaendelea. Nilichukua cherehani zangu mbili. Mshauri ndiye aliyenisaidia kubeba moja mpaka chini, na alipofika kwenye duka la rangi aliitua akaniuliza, akiona haya, kama mikono ya suti yaweza kupunguzwa. Nilimpunguzia. Ni mtu mzuri. Alikosea tu wateja.

Sasa ninafundisha vijana kumi na wawili katika ukumbi mdogo Kaloleni, na nilipoanza niliapa kwamba safari hii karatasi zitakuwa safi. Nilikwenda Majengo kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi mitano. Mwalimu alisema, mimi niliandika, na kila sura niligundua kwamba kumbe nilisikia vibaya mambo chungu nzima. Nilichokuwa nikikiita mbinu yangu ya kukata kola kilikuwa mbinu yake, nusu yake ikiwa imesahauliwa. Alinifutia aya nilizozipenda. "Haya ni mapambo," alikuwa akisema, "hayashoni." Kwa mchoro wa blauzi tulimpima msichana wa jirani, kisha jirani mwingine, kisha mmoja mnene na mmoja mrefu, na badala ya mchoro mmoja tukaweka minne, kila mmoja ukiwa na maelezo ya mwili ulikotoka. Dada mtu alikataa kuwemo. Alisema ameshachapishwa vya kutosha.

Nilimuuliza Mwalimu tuandike nini kuhusu kunakili. Nilimsomea yale ya kawaida, kwamba haki zote zimehifadhiwa, kwamba hairuhusiwi kwa namna yoyote. Alikunja uso.

"Zimehifadhiwa wapi? Kabatini?" Akafikiri. "Andika kwamba atakaye kunakili anakili, ila aseme ametoa wapi. Na aandike mwili wa nani."

Nilipeleka saiba, nikatoa nakala hamsini, na jalada nikalifanya mwenyewe. Jina lake nililiweka juu, kwa herufi kubwa kuliko za kichwa cha kitabu, la kwanza na la pili na la ukoo. Langu sikuliweka jaladani. Liko ukurasa wa ndani, mahali pa karani aliyeandika alichoambiwa. Nilibeba furushi zima mpaka Majengo kwa sababu nilitaka azione zote kwa pamoja. Nakiri nilikuwa nimekwisha kuona kichwani namna atakavyonishukuru, na namna nitakavyosema si kitu.

Alichukua kioo. Alikisogeza juu ya jalada, kushoto kwenda kulia, taratibu, kisha akakirudisha mwanzo. Dada yake alisimama nyuma yake akichungulia.

"Nani huyu?" Mwalimu aliuliza.

"Ni wewe, Mwalimu."

"Huyu si mimi."

Aliingiza mkono chini ya mto akatoa kitambulisho chake kilichofungwa kwenye leso, akaniwekea mkononi. Nilisoma. Jina la ukoo lilikuwa na herufi mbili mahali ambapo mimi nilikuwa nimeweka moja, na la kwanza nililikosea pia, katikati. Nilikuwa nimemfahamu mwanamke huyu tangu ujana wangu, nilikuwa nimekula riziki ya maneno yake miaka yote hiyo, nilikuwa nimemtetea mbele ya wakili, na sikuwahi kuuliza jina lake linaandikwaje.

"Una kalamu?" aliuliza.

Nilikuwa nayo. Nikakaa mkekani, nikachukua nakala ya kwanza, nikaanza kusahihisha kwa mkono. Dada mtu alivuta furushi karibu, akawa ananipa moja baada ya nyingine, na kila nakala aliyoipokea tena aliiinua juu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasema mwandiko wangu ni mbaya.